Maua ya Theluji Dirishani kwa Baba

Nyumbani,
Chumba cha mbele, mezani kwa Mama.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi, zikukute umevaa soksi mbili mbili na pua imetulia. Hujambo? Mgongo je, ule uliosema unakuuma kwa kuwainua wagonjwa kitandani? Na wagonjwa wako wenyewe wanaendeleaje? Yule bibi anayekuita kwa jina la binti yake bado anakuita hivyo, au sasa amekubali kwamba wewe ni wewe? Nawasalimu na wenzako wa zamu, hasa yule aliyekufundisha kukata maua ya theluji kwa karatasi, ingawa nikimshika nina maneno naye.

Sisi huku tupo. Mama ni mzima, anakusalimu, anasema ule kwanza ndipo usome. Shangazi Redio naye mzima, betri hazijamwisha, anatangaza habari za mtaa asubuhi na jioni bila matangazo ya biashara. Mimi sijambo. Nimerefuka tena, kwa hiyo siku ukija andaa shingo ya kunitazamia. Uso wangu ni ule ule unaowasumbua wasichana. Kichwa ndicho kimepata ajali kidogo, lakini hiyo iko mbele, usiruke kurasa.

Kazini kwangu, pale duka la uchapaji, mambo yanakwenda. Zamani bosi alinipa ufagio tu. Sasa ananiachia mashine ya kukatia karatasi, ile yenye kisu kirefu, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Nikikata mimi, karatasi zinalala sawa mpaka bosi anapitisha kidole ukingoni na kuguna. Bosi wangu akiguna, ujue amesifu. Yale mabaki meupe yanayodondoka pembeni huwa ananiruhusu niyabebe. Ndiyo tuliyokatia maua.

Haya. Sasa kalamu inaanza kuwa nzito. Nimeshainuka kwenda kunywa maji ambayo wala sikuwa na kiu nayo, na Mama ameniuliza kama ninaandika barua au ninachimba mtaro.

Unakumbuka barua yako iliyokuja na lile ua la kwanza. Nilimsomea Baba kwa sauti, pale kitini kwake karibu na dirisha, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama mgeni asiyejua aketi wapi. Uliandika kwamba ukitoka zamu miguu imevimba, unakaa kitandani na mkasi mdogo, unakunja karatasi, unakata bila kufikiria chochote, na ukija kuikunjua akili imeshapoa. Ukasema Baba naye ajaribu. Kitampumzisha mawazo, na mkono uliopigwa na kiharusi utakumbuka mkasi, kwa kuwa kinyozi hata akisahau jina lake hasahau mkasi.

Mimi nilicheka. Nikasema dada yangu mtu mzima, na miguu yake ya kuagizia viatu, anakaa kukata maua kama mtoto wa chekechea. Kisha nikajaribu kisirisiri, ili nijue ninachokicheka.

Dada, usimwambie mtu yeyote, lakini kinatuliza kweli. Unakunja, unakunja tena, unapata kipande kama kipande cha keki. Unachonga pembeni, hapa mwezi, hapa jino la msumeno, vijikaratasi vinakudondokea magotini, na wewe hujui bado unatengeneza nini. Unakuwa hudaiwi na mtu. Halafu unakunjua polepole, na kile ulichokata mara moja kinakutazama mara sita. Nilikata mpaka chai ikapoa na Mama akaja kunishika paji la uso kuona kama nina homa, maana nilikuwa nimenyamaza.

Na mimi unanijua. Nikianza kitu sikiachi mpaka niwe fundi wake. Baada ya siku chache maua yangu yalikuwa yanatoka membamba kama utando wa buibui.

Ya Baba hayakuwa hivyo. La kwanza alilikata kwa jasho, ulimi nje, mkasi unatetemeka, unauma karatasi popote unapopita. Vidole vyake haviwezi kukunjua karatasi nyepesi namna ile, kwa hiyo alinipa nimkunjulie. Likakatikia mikononi mwangu, vipande vinne, kila kimoja kikaenda kwake. Alivitazama pale sakafuni. Siku ile hakula, na kesho yake akaniambia nimwekee mkasi mbali, asiuone.

Sikuweza kumwona vile. Wewe hukuwepo, Dada. Mtu aliyekuwa akinyoa huku anasimulia, wateja wanakaa foleni si kwa ajili ya nywele bali kwa ajili ya hadithi, sasa anatazama ukuta. Ulifika wakati hata utani wangu haukumchekesha tena. Nilimwambia, "Baba, ukinuna hivyo utazeeka kabla ya Shangazi." Hakunitazama.

Nikambembeleza ajaribu mara moja tu. Alikata. Akanipa. Nikaenda dirishani, nikampa mgongo, nikisema nataka mwanga. Mfuko wa shati langu ulikuwa na ua langu nililokata mchana ule kazini. La kwake nikalitia mfukoni, la kwangu nikalikunjua, nikageuka.

Naapa sikulipanga. Yaani, nililipanga nikiwa njiani kati ya kiti na dirisha.

Baba alilitazama kama mtu anayesoma jina lake gazetini. Akasema, "Hii nimekata mimi?" Nikasema, "Kwani kuna kinyozi mwingine humu ndani?" Akacheka, Dada. Ule mcheko wake wa zamani wenye kikohozi mwishoni. Mama alikimbia kutoka jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna jambo. Alipoona, alikaa chini akajipangusa uso kwa upindo wa kanga, kisha akaenda kutafuta uzi, akalitundika dirishani.

Sasa niambie, ungekuwa wewe, siku ya pili ungefanya nini?

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Alasiri nikirudi na mabaki ya karatasi, Baba yuko tayari, mkasi umeshapanguswa. Anakata huku anaimba puani wimbo usio na maneno. Ananipa, naenda dirishani, nampa mgongo. Dirisha likajaa. Ukipita upepo maua yote yanageuka pamoja, na Baba anakaa chini yake ametulia, mabega yameshuka, hata Mama akaanza kulala usingizi wa kukoroma. Kukoroma kwenu ni kwa ukoo, usikatae.

Na mimi, nikwambie ukweli, nilikuwa nasikia raha. Majirani wanasimama nje wanayasifu maua. Wananisifu mimi bila kujua, na ninanyamaza. Mimi, kunyamaza. Ungejua hapo hapo kwamba kuna ubaya unafanyika.

Ndipo Mama akasema tuchague mazuri tukutumie. Nilisema tusubiri kidogo. Nikasema posta wanakunja vitu. Mama akasema posta anaifahamu tangu sijazaliwa. Bahasha ikaenda.

Ukajibu kwamba umelia zamu nzima. Kwamba umeyabandika juu ya kitanda chako, na unapochoka unaangalia kazi ya mkono wa Baba. Kwamba ile likizo uliyokuwa umeiomba ili uje umfanyishe Baba mazoezi, kama unavyowafanyisha wagonjwa wako wa kiharusi, umempa mwenzako mwenye mtoto mchanga, kwa kuwa mkono unaokata namna ile haukuhitaji wewe tena. Utakuja mwakani.

Niliisoma barua hiyo kwa sauti, mbele yao wote, na nilipofika hapo nikakohoa ili nipate pa kupumulia. Baba akasema, "Amefanya vizuri. Kuja kufanya nini? Nimepona." Shangazi Redio akaenda hewani kabla hatujaikunja barua.

Dada, yale maua uliyobandika ni yangu. Yote. Hakuna hata moja ambalo Baba ameligusa. Maisha yangu yote nimekuwa nikisubiri useme nimefanya kitu kizuri, na siku uliyosema, ulisema kwa jina la mtu mwingine, na mimi ndiye niliyelibadilisha jina.

Ningekuandikia siku ile ile. Sikuandika. Nilisema wiki hii iishe. Na hapo ndipo palipoharibika zaidi, kwa sababu Baba aliacha mpira. Ule mpira mdogo wa kuminya aliopewa na daktari wa mazoezi, aliokuwa akiuchukia tangu siku ya kwanza. Daktari alimwambia auminye kila siku bila kukosa, kwa kuwa mkono wa namna hii ukicheleweshwa huwa mgumu kurudi. Baba akamgawia mtoto wa jirani. Alisema mtu anayekata maua kama yale ataminyaje mpira kama paka. Nilisikia, nikaendelea kula.

Wiki iliyopita akasema anarudi saluni, nikamfuata.

Wembe, mwenzake wa kiti cha pili, hajawahi kumruhusu mtu kukalia kiti cha Baba. Anakipangusa kila asubuhi kama kuna mteja. Baba alipoingia, Wembe alimvalisha lile koti jeupe mwenyewe, akamfunga vifungo, na wateja wakapiga makofi. Mzee mmoja mwenye ndevu ndefu akasimama. Alisema tangu Baba augue hajamruhusu mtu kumgusa ndevu, alikuwa anamsubiri. Akaanza kwenda kwenye kiti.

Nilimtangulia. Nilirukia kile kiti kama mwizi. Nikasema mwanangu wa kwanza ni mimi, yaani mteja wa kwanza ni mimi, ulimi haukuwa wangu. Yule mzee akasema, "Kijana, adabu iko wapi?" Nikamwambia adabu imekwenda kunywa chai, itarudi. Watu wakacheka. Baba akanifunga kitambaa shingoni kwa mkono wa kushoto.

Unazijua nywele zangu. Nilikuwa nimezilea tangu mwaka jana. Nilikuwa nazipaka mafuta kuliko ngozi yangu.

Alianza upande wa kulia. Mkasi ukaja, ukauma, ukaenda ulikotaka. Nikasikia baridi juu ya sikio, nikajua hapo hakuna kitu tena. Akajaribu kusawazisha, ikazidi. Kwenye kioo nilimwona Wembe ameshikilia kitana hewani na hakijui kiende wapi. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Kisha ncha ikagusa sikio, si sana, tone moja tu, lakini Baba aliliona kwenye kitambaa cheupe.

Akasema, kwa sauti ya chini, "Unatikisika wewe. Kaa vizuri."

Nikasema, "Ndiyo, Baba. Ni mimi niliyetikisika."

Hata ukuta ulijua kuwa sikutikisika.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Watoto waliniona kichwa wakaanza kunifuata. Baba aliingia ndani, akakaa chini ya maua, akayatazama moja moja. Halafu akanipa mkasi na karatasi, akasema, "Nikunjie. Nikate moja nione."

Alikata. Akaninyooshea. Nikaliinua, nikageuka kwenda dirishani kama kawaida, na nikashindwa. Mguu ulikataa. Nikarudi nikapiga magoti mbele yake, nikalikunjua pale pale juu ya goti lake, anaona vidole vyangu.

Lilikuwa limechanika katikati, mkono mmoja unaning'inia.

Alilitazama. Akayatazama ya dirishani. Akaniuliza, "Yale?" Nikasema, "Yangu, Baba." Akauliza, "Yote?" Nikasema yote. Akauliza, "Na yangu yako wapi?"

Dada, yangekuwa yametupwa, leo nisingekuwa na la kukuandikia. Lakini sikuweza kuyatupa. Kila siku nilikuwa nikitoka dirishani nayaweka kwenye lile boksi la viatu ulivyonitumia, moja juu ya jingine. Nikalileta. Nikayakunjua juu ya kitanda, nikayapanga kuanzia chini kabisa, vile vipande vinne nilivyokuwa nimeviokota sakafuni, mpaka la mwisho.

Ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwa nimekiona, kwa sababu nilikuwa nayaficha haraka bila kuyatazama. Vile vipande vinne vya kwanza, kweli ni takataka. La pili limechanika lakini linashikana. Linalofuata limeshikana zaidi. Yanakwenda yakikaza, matundu yanaanza kuwa matundu, hata kuna moja lina kijimwezi pembeni, kimepinda, lakini ni mwezi. Halafu ghafla yanaanza kurudi nyuma. Yanalegea, yanachanika tena, mpaka lile la siku ile.

Mama ndiye aliyesema, akiwa mlangoni. "Hapo ndipo alipogawa mpira."

Kumbe mkono ulikuwa unarudi. Kidogo kidogo, kwa jasho lake, mkono ulikuwa unarudi, na mimi ndiye niliyekuwa nauweka kwenye boksi la viatu. Nilimpa cha kufurahia nikamnyang'anya cha kwake. Nimejaribu kulitania jambo hili tangu siku hiyo na halitaniki.

Nilimwambia Baba anipige. Akasema mkono wenyewe hauna nguvu, ningemcheka. Kisha akasema, "Ulinionea huruma." Nikasema ndiyo. Akasema, "Usinionee tena." Siku mbili zilizofuata alizungumza na mimi kupitia kwa Mama. Mwambie apitishe chumvi. Mwambie afunge mlango. Niliona ni haki.

Siku ya tatu nilikwenda kwa mtoto wa jirani kuomba mpira. Alinikatalia. Ilibidi nimkatie maua ya theluji mpaka vidole vikauma, na bado alinionyesha kwa wenzake akisema huyu ndiye mwenye kichwa. Baba aliupokea bila kunitazama, akaanza kuuminya. Sasa hivi ninapoandika anauminya, nasikia unavyolia. Akichoka anakata. Kila ninalolikunjua, nalikunjua mbele ya macho yake, na jana mwenyewe alikunjua nusu.

Maua yangu nimeyashusha yote. Dirisha sasa lina yake, machache, yamechanika chanika. Shangazi Redio aliuliza kwa nini tumetundika takataka. Nikamwambia mimi ndiye niliyedanganya, atangaze. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa la kusema, lakini alipona upesi.

Sasa wewe. Likizo uliyompa mwenzako sijui kama inarudishika. Kama hairudishiki, tuandikie hayo mazoezi unayowafanyisha wagonjwa wako, moja baada ya jingine, kidole hiki na kidole kile, nami nitamfanyisha asubuhi kabla ya kazi. Mimi na kusoma hatukupatana, lakini hayo nitayasoma. Kama inarudishika, Dada, njoo. Uje unikasirikie ana kwa ana, utapata nafasi nzuri zaidi. Ukitaka kunipa mgongo hapo dirishani na wewe, nitakuelewa.

Ndani ya bahasha hii kuna ua moja. Lifungue taratibu. Ni lile lenye kijimwezi, alilolikata kabla hajagawa mpira. Baba alilichagua mwenyewe. Alisema, "Mpelekee hili. Mwambie huu ndio mkono wangu." Bandua yangu yote ubandike hili. Yangu wape watoto wa wenzako, au funga vitu.

Nisalimie kila mtu huko, na yule bibi mwambie nakuita dada, asije akakuchukua. Mama anasema vaa shali kifuani. Wembe anakusalimu, anasema kiti cha Baba bado anakipangusa. Yule mzee mwenye ndevu naye anakusalimu ingawa hamfahamiani. Ameshanisamehe, na ndevu zake zimefika kifungo cha pili. Mungu akupe afya, akulinde kwenye barafu usiteleze, na akupe moyo wa kutukumbuka kwa wema, mimi hata kama ni kwa zamu.

Kuhusu nywele. Upande mmoja zipo, upande mwingine ni ramani ya nchi isiyojulikana. Kazini bosi ameniomba nivae kofia wateja wakija. Wembe amejitolea kunisawazishia bure, mara mbili, ni dakika chache tu. Nimekataa. Nimemwambia Baba kichwa hiki kitamalizwa na aliyekianza, na mpaka siku hiyo nitatembea nacho hivi hivi. Alinitazama, mara ya kwanza baada ya siku zile. Akasema, "Basi kaa chini usitikisike," akaendelea kuminya mpira.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye, kwa nusu ya nywele na moyo mzima,

Kidomo wako.